Neno "Juu" na Mguu wa Mzee Mabula

Marahaba, marahaba. Shikamoo zenu zimefika zote, hata ya yule aliyeitoa huku anatafuna muwa. Kaeni basi, mkekani panatosha. Mwalimu wenu wa kwaya ya shule ameniomba niwaambie mawili matatu kuhusu kuimba kwa kundi, maana amesikia kuwa mimi Salum niliumalizia ujana wangu kwenye reli nikiimbisha watu. Nimemwambia nitasema, ila sitasema anavyotaka yeye.

Jana nilipita pale dirishani kwenu nikawasikia mnafundishwa majina ya sauti. Soprano, alto, tena, besi. Majina mazuri, sina ugomvi nayo. Ila binti mmoja mwenye maneno mengi, naye yupo hapa na anajijua, akachungulia akaniuliza, "Babu, wewe enzi zako ulikuwa sauti gani?" Nikamjibu nilikuwa sauti ya kuzuia chuma kisiwaangukie watu. Wakacheka darasa zima! Mwalimu akanitazama kama mtu aliyelewa pombe ya mtama saa nne asubuhi.

Chekeni tu. Lakini nawaambia, sisi tulikuwa na maneno yetu ya kuimba, na hatukufundishwa na mtu mwenye fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Kila neno lilikuwa na kazi yake. Neno moja likakosa kazi yake, likavunja mguu wa mtu ambaye hakustahili hata kukwaruzwa. Na aliyelisema neno hilo ni mimi, msiulize nani.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, Mjerumani huyo, reli inatoka Dar es Salaam inakuja huku kwetu Morogoro. Ilikuwa imeshapita Mikese, inasogea Kingolwira. Mimi nilishuka mlimani nikiwa kijana mwenye kifua kipana na akili ndogo. Mama alinifungia mihogo ya kuchoma, mjomba akaniambia nisijifanye hodari mbele ya wageni. Maneno ya mjomba niliyasahau kabla sijafika bondeni.

Kazi yetu ilikuwa kubeba vyuma vya reli. Chuma kimoja, watu kumi na wanne. Mnakitoa kwenye behewa, mnakiweka begani, mnatembea nacho pembeni ya njia mpaka pale mataruma ya kulalia chuma yalipokwisha kulazwa, mnasogea, mnakitua. Basi. Ukisikiliza unaona kazi ya mjinga. Sasa jaribu. Watu kumi na wanne wana miguu ishirini na minane, na kila mguu una mawazo yake. Mmoja akikanyaga kabla ya mwenzake, chuma kinacheza. Kikicheza, kinamlemea wa nyuma. Wa nyuma akilemewa, anaachia. Akiachia mmoja, wengine kumi na watatu wana tabu ambayo hawakuitafuta.

Ndiyo maana tuliimba. Msidhani tulikuwa na furaha.

Aliyetuimbisha alikuwa Mzee Mabula, Mnyamwezi wa kule Tabora. Kabla ya reli alikuwa mpagazi, amebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na kurudi, sijui mara ngapi, mwenyewe alikuwa amechoka kuhesabu. Mtu mfupi, mkimya ajabu. Ukimkuta amekaa kambini na mkewe Mama Kulwa, utadhani ni bubu. Lakini akisimama pembeni ya chuma, fimbo mkononi, akafungua kinywa! Hakupiga kelele, la. Sauti yake ilikuwa ya chini, inakuingia kwenye magoti.

Yeye ndiye aliyenifundisha maneno. Anayetangulia alimwita mwanzishaji. Wanaojibu, waitikiaji. Hayo mnayajua. Lakini alikuwa na mengine. Mwitikiaji asiyemalizia mwisho wa jibu alisema "anameza". "Salum, unameza," ananiambia. "Ukimeza neno, mguu wako nao unafupika." Nikajitazama miguu, wenzangu wakafa kwa kicheko. Lakini ilikuwa kweli tupu. Mtu anayekata jibu anakata na hatua. Ninyi nanyi mnameza, nimewasikia pale dirishani, hasa ninyi wavulana wa nyuma.

Kulikuwa na neno "kuokota". Mtu pumzi zimemwishia, sauti yake imepotea katikati ya mstari. Wa jirani yake hapaswi kumcheka wala kumwita mvivu. Anaongeza ya kwake kidogo, anaziba lile tundu mpaka mwenzake apate pumzi arudi. Hiyo ndiyo kuokota. Mwalimu wenu hana jina la jambo hilo, nimemuuliza.

Na kubwa kuliko yote, alinifundisha kuanza. Mimi nilidhani kuanza ni kupaza. Siku ya kwanza nilipojaribu nilipandisha wimbo huko juu, nikitaka wasichana waliokuwa wanauza ndizi kando ya njia wanisikie. Hatua kumi hazikufika, watu wanakohoa. Mzee Mabula akatutuliza, akanivuta sikio mbele ya wasichana wale wale. "Umemwanzia nani? Umejianzia wewe mwenyewe," akasema. "Tafuta nani amechoka kuliko wote. Sikiliza anahema namna gani. Anzia hapo alipo yeye." Nimefanya kazi hiyo miaka mingi baadaye, sijapata fundisho lingine la kuongeza juu ya hilo.

Wimbo wetu mkuu aliutunga yeye. Yeye anauliza, "Chuma hiki cha nani?" Sisi tunaitikia, "Cha Bwana!" Anauliza tena, "Bega hili la nani?" Tunaitikia, "Letu!" Cha Bwana, mguu wa kulia. Letu, mguu wa kushoto. Msimamizi wetu Mzungu aliupenda mno wimbo ule. Aliposikia "Cha Bwana" alitikisa kichwa kwa furaha, maana alijua anasemwa yeye. La pili hakulifuatilia.

Sasa huyo msimamizi. Jina lake sitalitaja, na sisi wenyewe tulikuwa hatujui kulitamka. Mwanzoni tulimwita Bwana Mkubwa kama wote. Baadaye tulimpa jina jingine, nitawaambia. Siku moja akasimama anatutazama, akamwona Mzee Mabula anatembea pembeni na fimbo yake, mikono mitupu. Akauliza, "Huyu kwa nini hapana beba?" Kiswahili chake kilikuwa hicho hicho. Nyapara akamweleza, huyu ni mwanzishaji, Bwana, mwanzishaji habebi. Akasema, "Mdomo hapana kazi. Beba."

Lo! Mlisikie hilo vizuri. Mwanzishaji habebi kwa sababu anatakiwa aone. Anatazama miguu ya wote, anatazama shimo lililo mbele, jiwe, mteremko. Anasikia nani anameza. Ukimtia begani chuma, anaona kisogo cha mtu wa mbele yake, basi. Tulijua wote. Na hatukusema neno. Hilo bado linaniuma, kwamba watu wazima wote wale tulinyamaza, tukasogea tumpishe nafasi.

Mzee Mabula akaweka ngata begani, akaingia mbele. Akageuka akaniambia, "Leo anza wewe, Salum. Pumzi zangu sizigawi mara mbili." Nilifurahi! Sitawaficha. Nikaona nimepewa cheo.

Tukakiinua vizuri. Nikaanza vizuri, chini chini, kama nilivyofundishwa. Tukafika kwenye mataruma. Pale chuma kinapotakiwa kulala palikuwa hatua mbili hivi kushoto kwetu, upande wa mlima. Ninyi mmezaliwa hapa. Mtu wa Uluguru akisema "juu", anamaanisha nini? Anamaanisha kule mlimani. Mama akikutuma juu hakutumi mbinguni, anakutuma kwa shangazi yako kule mteremkoni. Hata tukiwa bondeni kwenye tambarare, juu ni upande ule, chini ni upande wa mbuga. Mimi sikuwahi kujua kwamba kuna mtu duniani hajui hivyo.

Nikaimba, "Juu! Juu kidogo!"

Waluguru tulikuwa sita, tumejipanga nyuma. Tukapiga hatua kushoto, kuelekea mlimani. Wale wanane wa mbele, watu wa pwani na Wanyamwezi, wakafanya mnavyofikiri ninyi mliokaa shuleni. Wakakinyanyua chuma kutoka begani kwa mikono yote miwili, juu. Nyuma kinakwenda pembeni, mbele kinakwenda hewani. Kikajipinda mikononi mwetu, kikaruka. Watu wakatawanyika. Mzee Mabula hakuwahi. Kilimwangukia mguu wa kushoto, pale vidole vinapoanzia.

Hakulia. Alisema tu, "Ah," kama mtu aliyekumbuka kitu.

Salehe, Mzaramo mmoja mcheshi aliyekuwa rafiki yangu, alinirukia shingoni. Siku hiyo hakuwa mcheshi. "Juu gani?" akawa ananitikisa. "Juu gani wewe? Juu mbinguni au juu kwenu?" Nami ndipo nilipoelewa nilichokifanya, nikakaa chini kwenye kokoto.

Msimamizi akaja, akatazama mguu, akatazama chuma kuona kama hakijapinda. Akauliza imekuwaje. Nyapara akamwambia wimbo ulikosewa. Basi akawa amepata kisingizio. Kuanzia kesho, akasema, kuimba hapana. Akachomoa firimbi mfukoni. Mlio mmoja mrefu, inua. Milio mifupi, tembea. Mrefu tena, tua. Atakayefungua mdomo, kiboko. Na huyu wa mguu, akaongeza, kambi ikihama ng'ambo ya mto, yeye abaki, aende kwao. Tangu siku hiyo tukamwita Bwana Firimbi, na jina hilo halikumtoka.

Aende kwao! Kwao ni Tabora. Reli ilikuwa haijafika huko hata nusu. Mtu aende Tabora kwa miguu, mguu mmoja umesagika, masika yanaingia. Mto wenyewe ulikuwa Ngerengere, na daraja lilikuwa linakaribia kwisha. Kwa hiyo kila chuma tulichokilaza kilikuwa kinasogeza siku ya Mzee Mabula kutupwa. Nilikuwa nakilaza mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Mnaelewa?

Nilikwenda kibandani kwake siku ya pili, tulipopumzika mchana. Mama Kulwa alikuwa mlangoni anatwanga dawa ya majani. Mama mwenye ulimi mkali yule.

"Umekuja kuomba msamaha au kuimba?" akaniuliza.

"Msamaha, mama."

"Basi ingia. Ungekuwa umekuja kuimba ningekutwanga na mchi huu."

Mzee Mabula amelala, mguu umefungwa matambara, umevimba kama kibuyu. Nikaanza kusema nililolipanga, hakuniacha nimalize. "Juu ni neno bovu," akasema. Hakusema mimi ni mbovu, alisema neno. "Kwenu lina kazi moja, kwetu lina kazi nyingine, kwa Salehe sijui lina kazi gani. Neno la chumani linatakiwa liwe na kazi moja tu. Tafuta mengine." Nikamwambia, "Mzee, kuimba kumekatazwa." "Nimekuambia utafute maneno," akasema, "sikukuuliza nani amekataza."

Tukayatafuta palepale, watu watatu, Mama Kulwa naye akitia lake kutoka mlangoni. Kupandisha chuma begani tukaliita "nyanyua", na hakuna kusema juu. Kusogea upande wa kushoto, "mlimani". Upande wa kulia, "mbugani". Hayo hata mgeni aliyeshuka jana anayaelewa, anatazama tu mlima uko wapi. Kushusha, "tua", na ni lazima livutwe, "tuuua", ili kila mtu apate kuinama kabla ya mwisho wa neno. Mama Kulwa akasema na "simama" liondolewe, kwa sababu mtu aliyelala akiambiwa simama anainuka, na anayetembea akiambiwa simama anatulia, neno gani hilo? Tukaweka "ganda". Jioni ile nikawanong'oneza wenzangu mmoja mmoja. Tukawa na maneno yote, na mdomo wa kuyasemea hatuna.

Maana firimbi sasa. Nisikilizeni ninyi mnaopenda vitu vya kisasa. Firimbi haina ubaya kwa mpira. Lakini firimbi inasema tu, haisikii! Mwanzishaji anauliza, watu wanajibu, na katika lile jibu anajua kila kitu. Wa nyuma wamechoka. Wa katikati amekanyaga mwiba. Huyu amegombana na mkewe. Firimbi inakuamrisha utembee, wewe unatembea kimya, na aliye mbele yako yu karibu kuanguka hujui. Siku zile tulibeba vyuma kama watu wasiojuana. Mara mbili kilituponyoka, mara mbili Mungu akatuona.

Mimi nilikuwa naogopa kitu kingine. Nilikuwa nimejaribu kuanza, peke yangu, kule nilikokwenda kuchota maji, kuona tu. Sauti haikutoka. Nilipofungua mdomo nilisikia ile "Ah" ya Mzee Mabula. Nikasema imekwisha hiyo, Salum, sauti yako imekwenda na mguu wa mtu.

Ikafika siku ya kuvuka daraja. Daraja lenyewe halikuwa na sakafu. Ni mihimili na mataruma, katikati ya taruma na taruma unaona maji yanapita, mekundu, yamejaa, yananguruma. Kwa pembeni wamelaza mbao mbili nyembamba za kukanyagia. Chuma cha mwisho kikilala ng'ambo ile, kambi inahama kesho yake.

Firimbi ikalia, tukainua. Ikalia mifupi, tukaingia. Hatua tano sita, mto ukaimeza firimbi yote. Bwana alikuwa amesimama nyuma ukingoni, anapuliza mpaka macho yanamtoka, sisi wa katikati hatusikii kitu. Wa nyuma wanasikia, wa mbele hawasikii. Nikahisi chuma kinaanza kucheza. Kinakwenda mbele kidogo, kinarudi. Nyuma yangu siku hiyo alikuwa Salehe. Nikamsikia anahema kwa kukatakata, ile pumzi ya mtu ambaye mkono wake umeshaamua kuachia na yeye mwenyewe hajui bado.

Nikamtafuta pale pale alipokuwa, pale kwenye pumzi yake. Nikafungua mdomo. Naapa kwa Mungu sikujua kama kitatoka kitu.

"Chuma hiki cha nani?"

Kimya. Hatua moja nzima, kimya. Kisha Salehe, kwa sauti iliyopasuka, "Cha Bwana!"

"Bega hili la nani?"

"Letu!" Sasa walikuwa wanne, watano. Nikauliza tena, wakajibu kumi. Nikauliza mara ya tatu, wakajibu wote, na chuma kikatulia begani. Nyuma yetu Bwana anapiga makelele, anapuliza, anapiga makelele. Mwache apige. Tukavuka maji yale tukiimba. Ng'ambo nikaita, "Ganda!" Tukaganda. "Mlimani!" Hatua moja, ya pili, watu kumi na wanne, Mluguru, Mzaramo, Mnyamwezi, wote upande mmoja. "Tuuua!" Kikalala juu ya mataruma, hata sauti hakikutoa kubwa.

Tukacheka. Wengine walikuwa wanalia, lakini tulicheka.

Bwana Firimbi akavuka na askari wake. Uso umekuwa kama nyanya. "Nani kuimba?" akauliza.

Salehe akapiga saluti ya uongo. "Hakuna aliyeimba, Bwana. Sisi tumeitikia tu."

"Nani kuanza?"

Nikaona Bwana akianza kuwachagua watu atawapiga wote, na mmoja wetu alikuwa na homa. Nikatoka mbele. Nikamwambia, "Nimeanza mimi, na kesho nitaanza tena." Hilo la kesho sikulipanga, lilitoka lenyewe. Akasema hamsa-ishirini. Enzi zile kila mtu alijua maana yake, viboko ishirini na tano, huna haja ya kutafsiriwa.

Wakanilaza juu ya pipa tupu la saruji. Askari akavua koti lake, akatema mate mkononi. Desturi ilikuwa askari anahesabu kwa sauti, Bwana asije akasema amepunjwa. "Moja!" Nitawaambia nini kuhusu kiboko? Kinauma. Anayewaambia alikuwa hasikii ni mwongo. "Mbili!" Niliuma kitambaa. "Tatu!"

Na nyuma ya tatu nikasikia sauti ya Salehe. "Letu!"

Nilidhani ni kichwa changu. Askari akasema, "Nne!" Wakajibu watu kama saba, "Letu!" "Tano!" "Letu!" Walikuwa wamesimama kwenye mstari wao, mikono chini, wanatazama mbele kama askari wenyewe, wanaitikia. Ilipofika saba, wapiga kokoto waliokuwa ng'ambo nyingine ya mto nao wakadaka, hawajui hata kuna nini, wamesikia tu hesabu na kiitikio. "Nane!" "Letu!" Bonde lote.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana hamtaliamini na ni la kweli. Yule askari naye ni mtu. Amekaa na sisi miezi, wimbo ule umemwingia. Akaanza kuhesabu kwa mahadhi yetu. Akisema namba, anangoja aitikiwe ndipo apige. Kiboko kikawa kinashuka palepale mguu wa kushoto unapokanyaga. Kilikuwa kinauma vilevile, wallahi, lakini mimi niliyelala juu ya pipa nikajua kilichotokea. Askari wa Bwana amekuwa mwanzishaji wetu. Nikatema kitambaa, nikaanza kuitikia na mimi.

"Basi!" Bwana akapiga kelele. "Basi! Basi!" Tulikuwa tumefika kiboko cha kumi na tatu. Askari akashusha mkono huku ameduwaa, midomo bado inacheza.

Usiku ule hakuna cha kusimulia, nililala kifudifudi. Asubuhi kambi ikaanza kufungwa. Mama Kulwa alikuwa anafunga mikeka yake peke yake. Mzee Mabula ameketi juu ya mzigo, mguu umenyooshwa, anatazama njia ya magharibi. Nilipita mbele yake nikashindwa kumwamkia. Ningemwambia nini? Chuma cha darajani nimekilaza mimi, na kambi inahama kwa sababu ya chuma hicho.

Tukaitwa kazini. Chuma cha kwanza cha ng'ambo kikawa chini mbele yetu, tukajipanga kumi na wanne. Mimi sikutakiwa, mgongo ulikuwa nyama tupu, lakini nilijipanga. Bwana akaweka firimbi mdomoni. Akatutazama. Hakuna aliyeinama. Hatukuwa tumekubaliana, nawaambia kweli, hakuna aliyesema tusiiname. Akapuliza. Hakuna aliyeinama. Askari yupo pale, anatazama viatu vyake.

Akaitoa firimbi mdomoni. Akanitazama mimi, akasema taratibu, kama neno linamchoma ulimi, "Wewe. Anza."

Hicho ndicho tulichokuwa tunakitaka, sivyo? Wenzangu walishusha pumzi, nilizisikia. Ningeanza, tungekuwa tumeshinda, na Mzee Mabula angebaki juu ya mzigo wake akitazama njia.

"Mimi sianzi," nikasema.

Salehe akanikanyaga mguu. Bwana akauliza, "Nini?"

"Mimi ni mbebaji, Bwana. Mwanzishaji wetu yule pale, juu ya mzigo."

Akageuka akamwona. Akacheka kwa pua. "Yule mguu hapana. Hapana beba. Kazi gani kufanya?"

"Ataanza," nikamwambia. "Sisi tutaitikia."

Alitutazama mmoja mmoja, wote kumi na wanne. Behewa la vyuma linangoja, la pili linakuja nyuma yake. Jua linapanda. Akamwita nyapara, akamnong'oneza, nyapara akakimbia.

Mzee Mabula alikuja akiegemea bega la Mama Kulwa, fimbo mkono mwingine, anarukaruka kama kunguru. Akasimama pembeni ya chuma, pale pake pa zamani. Akatutazama miguu, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwangu, akazunguka akautazama mgongo.

"Salum," akasema, "toka hapo. Mgongo wako unatoka damu."

"Sitoki," nikamwambia. "Anza, mzee."

Akaanza.